Nukta ya Kakao

“Nipe jibu moja, na nipe leo,” sauti ya dada mtu ilipasuka kwenye simu. “Unakuja au huji?”

Fundi keki alikuwa amesimama koridoni hospitalini, simu ameibana kati ya sikio na bega, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa mfukoni. Joto lote lile, na koti kalivaa. Mabaka meupe, yale ambayo wengine huyaita mbalanga na wengine vitiligo, yalimwanzia pembeni mwa mdomo, yakapanda machoni, kisha yakashukia vidole. Zamani alipamba keki mbele kabisa, nyuma ya kioo cha duka, na wapita njia walisimama kumtazama. Siku hizi mwenye duka alimweka uani kusugua trei. Hakumfukuza. Alimwambia tu, “Wateja wanaulizauliza. Si unawajua watu.”

“Dada, nipe muda kidogo.”

“Muda nimekupa mpaka umechacha. Duka tayari, tanuri tayari, vyombo vimefika. Nakutaka wewe, tuwe wawili, nusu kwa nusu. Unangoja nini?”

“Mikono.”

“Mikono imefanya nini? Mimi nataka ujuzi ulio ndani ya mikono yako. Rangi yake nikaifanyie nini, nipake ukuta?”

“Huko kwenu hakuna taa, dada.”

“Taa! Kila nguzo ina taa huku!”

“Taa ya ngozi. Usijifanye hujui. Sitaki kuhama uani kwa mtu nije nikae uani kwako.”

“Nani atakuweka uani? Wewe unajiweka mwenyewe. Jua likizama hujanijibu, namchukua mtu mwingine, na usije ukanililia.”

Simu ikakatwa. Kwenye benchi, fundi viatu, mzee aliyekuwa akitibiwa magamba ya ngozi lakini mdomo wake haujapata dawa, akacheka.

“Huyo dada yako anapoteza vocha. Angefungua dirisha tu tungemsikia.”

“Mzee, niache.”

“Nimekuacha mwanangu. Ila ile keki uliyoniahidi sijaiacha.”

Mlango wa chumba cha taa ukafunguka. Mtu wa makamo mwenye koti jeupe lililopauka akatoa kichwa. Jina lake la kwenye makaratasi wagonjwa hawakulijua. Walimwita Bwana Taa, naye aliitika.

“Fundi, ingia.”

Aliingia, akafunga mlango kwa kisigino, na badala ya kwenda kwenye kabati la taa akasimama katikati ya chumba. Akaitoa mikono mfukoni, akaiweka mbele ya yule bwana kama mtu anayeonyesha samaki sokoni.

“Bwana Taa, leo niambie ukweli. Uso nimeuona, umerudi karibu wote. Vidole je? Vitarudi au nijiendee zangu kwa dada?”

Bwana Taa alivitazama vile vidole. Ncha zote nyeupe, kuzunguka kucha kote kweupe, kana kwamba amevichovya kwenye unga akasahau kunawa. Alikuwa analo jibu. Asubuhi ile ile daktari wa ngozi alimshika bega kwenye ngazi akampa.

“Yule fundi keki wako,” daktari alisema, “uso unakwenda vizuri sana. Mikono tumefika mwisho. Ncha za vidole hazitaki, na hazitataka. Nitamwita nimwambie.”

“Niachie mimi, daktari. Mimi amenizoea.”

“Basi mwambie leo. Asikae anapoteza maisha yake kwenye benchi.”

Sasa ndiyo leo, na mwenyewe kauliza kwa mdomo wake. Kazi ilikuwa rahisi: neno moja. Lakini Bwana Taa alikuwa mgane. Miaka mingi jioni yake ilikuwa redio na sahani moja. Kisha akaja huyu mwanamke, ambaye akiingia kwenye kabati na mlango ukafungwa, hanyamazi. Anasimulia kutoka ndani: mteja aliyetaka keki yenye umbo la trekta, harusi ambayo bwana harusi alikalia keki. Bwana Taa alisimama nje, mkono kwenye swichi, akicheka na mlango wa bati. Akimwambia ukweli, kesho yule mwanamke atapanda gari.

“Vitarudi,” alisema. “Vinachelewa tu. Uso hutangulia, mikono hufuata.”

“Una uhakika?”

“Mimi nimekaa na hizi taa kuliko nilivyokaa na marehemu mke wangu.”

Fundi keki aliachia pumzi aliyoibana tangu koridoni. Akachukua simu pale pale.

“Dada? Siji. Mikono bado. Nimeongea na mtu anayejua.”

*

Mapenzi hayahitaji kuitwa mara mbili. Aliyeambiwa abaki alibaki, na kubaki kukawa na utamu wake.

Kwanza zilikuja keki. Kipande kimoja cha fundi viatu, kipande kikubwa cha Bwana Taa.

“Mbona cha kwangu chembamba?” mzee alilalamika. “Au kwa kuwa mimi siwashi taa?”

“Wewe una sukari, mzee.”

“Sukari ninayo kweli. Ila huyu bwana ana kitu kibaya zaidi. Mtazame masikio yanavyocheka.”

Kisha ikaja chai ya kantini baada ya kazi. Kisha ikawa wakitoka, wanatoka pamoja, yeye upande wenye kivuli na Bwana Taa upande wa jua, kwa kuwa mtu aliyetoka kwenye taa haruhusiwi kuongezewa jua siku hiyo.

“Kwa hiyo wewe ni mwavuli wangu,” alimwambia.

“Mwavuli wenye kitambi.”

“Ndio wanaofunika vizuri.”

Siku moja fundi keki alimkumbusha Bwana Taa jinsi alivyolia wiki za mwanzo. Ngozi nzima iliyo kando ya mabaka ilishika weusi kwa ile taa, mabaka yakaonekana meupe kuliko siku aliyokuja.

“Nilitaka kukupiga na kiatu,” alisema. “Nikajua umeniharibu.”

“Mbona hukunipiga?”

“Ulinieleza. Ulisema, ‘Nyeupe haijaongezeka, ni nyeusi iliyoongezeka, vumilia.’ Kweli ikawa hivyo. Halafu nikaona nukta ya kwanza hapa karibu na jicho, ndogo kama punje ya ulezi. Tangu siku hiyo, ukisema kitu nakichukua kama kilivyo.”

Bwana Taa alikunywa chai iliyokuwa bado moto mno, ikamuunguza ulimi, akashukuru kupata sababu ya kutojibu.

Asubuhi moja simu yake ililia akiwa anavaa soksi. Ilikuwa picha: kidole cha shahada, na pembeni mwa ukucha, nukta ya kahawia. Ujumbe ukafuata.

“IMETOKA!!! Nimeiona sasa hivi nikitoka kazini zamu ya alfajiri. Niambie ndiyo yenyewe!”

Aliikuza ile picha. Alizijua nukta za kweli. Huwa duara, laini, zimeota kutoka ndani. Hii ilikuwa na mkia, umefuata ufa wa ngozi kavu. Ilikuwa kakao, imeingia kwenye ufa na sabuni haikuifikia.

Alikaa kitandani na soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Vidole vikaandika vyenyewe.

“Ndiyo yenyewe. Hongera, Fundi.”

“Nalia huku njiani watu wananiona kichaa!!”

Ile nukta ilipotoka kesho yake kwa maji ya trei, alimpigia amevunjika moyo. Bwana Taa akamwambia nukta za mikono hutoka na kurudi, ndiyo tabia yake. Uongo ni kama ndoo iliyotoboka, ukiubeba lazima utembee mbio, na bado unalowa.

Siku aliyomposa walikuwa kantini, mezani kuna vikombe viwili na kijiko kimoja.

“Nataka nikuoe,” alisema.

“Hivyo hivyo tu? Hata kukohoa kwanza?”

“Nikikohoa utadhani naumwa.”

Alicheka mpaka mhudumu akageuka. Kisha akaacha kucheka, akavuta mikono yake chini ya meza.

“Nakubali. Lakini harusi ingoje hii mikono. Siku hiyo watu wote watanishika mkono, na sitaki kuuficha.”

“Mimi naipenda hivi hivi.”

“Wewe unaipenda. Mimi ndiye ninayeivaa.”

Pale pale palikuwa na mlango. Angesema, “Mama, hii mikono haitarudi, tuoane hivi.” Alifungua mdomo, akaona vile anavyotazamwa, kama mtu anavyotazama ukuta wa nyumba yake mwenyewe, kwa imani, bila kuukagua. Akafunga mdomo.

“Haya. Tungoje,” alisema.

Wiki iliyofuata dada mtu alipiga simu. Safari hii hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha.

“Nimepata mtu. Tumeshaandikishana, duka ni letu wawili. Nilikungoja mdogo wangu, nikachoka.”

“Umefanya vizuri, dada.”

“Mikono imerudi?”

“Bado kidogo.”

Alipokata simu alijilaza kwenye bega la Bwana Taa, hadharani, koridoni, fundi viatu akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

“Duka limekwenda,” alisema. “Lakini najua sikupoteza bure. Angekuwa mtu mwingine ameniambia nibaki, leo ningechanganyikiwa. Wewe hukunidanganya hata kwa rangi ya uso wangu.”

Bwana Taa alimpapasa mgongo.

*

Mdogo wake fundi keki alifika siku ambayo foleni ilikuwa fupi. Alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, msichana aliyemaliza shule mwaka ule ule, mwenye sauti ya kengele, asiyejua kusimama bila kuegemea kitu. Fundi keki alimwingiza chumbani akimshika bega, amejaa fahari.

“Huyu ndiye yeye,” alisema. “Muulize chochote.”

“Shemeji, shikamoo. Nasikia wewe ndiye jua la humu ndani.”

“Marahaba. Jua lenyewe linazimwa kwa swichi. Una shida gani?”

Msichana alinyoosha mikono. Uso ulikuwa safi, shingo safi. Mabaka yalikuwa mahali pamoja tu: ncha za vidole, na kuzunguka kucha.

“Vimeanza lini?”

“Mwaka jana. Dawa ya kupaka nimepaka, hakuna kitu. Sasa shemeji, mimi nimepata nafasi chuo cha wakunga. Masomo yanaanza mwezi ujao, mbali, huko hakuna taa. Nimesema siendi. Nitakaa kwa dada, nipigwe taa mpaka vidole virudi, ndiyo niende. Nani atakubali nimpokelee mtoto na vidole hivi?”

“Chuo kitakungojea?”

“Hawangoji. Nafasi ikipita imepita. Nitaomba tena, Mungu akipenda.”

“Mimi pia niliacha duka la dada kwa ajili hii,” fundi keki aliongeza. “Nimemwambia, kusubiri kunauma lakini kuna mwisho. Mwambie basi, asikie kutoka kwako.”

“Angemwona daktari kwanza.”

“Daktari ana foleni mpaka getini. Mimi nani aliniambia? Si wewe?”

“Ni vizuri daktari...”

“Baba, una nini leo? Mwambie tu kama ulivyoniambia mimi.”

Msichana alimtazama. Fundi keki alimtazama. Nje, fundi viatu alikuwa akimsimulia mtu kuhusu mguu wa kushoto wa mbunge fulani ambao ni mkubwa kuliko wa kulia. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, limezoea njia: vitarudi. Akilisema, jioni watakunywa chai watatu, na harusi itakuja siku moja. Msichana ataweka begi lake uvunguni mwa kitanda cha dada yake, aanze kukaa kwenye benchi.

“Nenda chuo,” Bwana Taa alisema.

“Nikirudi likizo ndiyo tuanze?”

“Nenda chuo, mwanangu. Vidole hivi havitarudi.”

Msichana alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaona si utani.

“Kwa nini, shemeji?”

“Rangi haiji kutoka hewani. Inajificha kwenye mashina ya vinywele, hivi vidogo vya mwilini, malaika. Taa inaiita, nayo inatoka, ndiyo maana mwanzo unaona nukta nukta, kila nukta na unywele wake. Uso una malaika tele, ndiyo maana uso unaitika. Sasa geuza vidole vyako uone. Kwenye ncha hakuna hata unywele mmoja. Taa itaita mpaka ichoke. Ndani hakuna wa kuitika.”

“Lakini dada...”

Feni ya kabati ilikuwa inazunguka taratibu, inamalizia joto la mgonjwa aliyepita. Fundi keki hakuwa amesogea. Alikuwa ameinua mikono yake mwenyewe, anazitazama ncha za vidole moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta mwiba.

“Toka nje kidogo,” alimwambia mdogo wake.

“Dada...”

“Nimesema toka.”

Mlango ukafungwa.

“Umelijua hili lini?”

“Sikiliza kwanza...”

“Lini?”

“Kabla hujampigia dada yako. Asubuhi ile.”

“Daktari anajua?”

“Yeye ndiye aliyeniambia. Aliniambia nikuambie.”

“Na wewe ukaniambia nini?”

Bwana Taa aliigusa swichi ya kabati, akaiacha.

“Nakuuliza. Ukaniambia nini?”

“Kwamba vitarudi.”

“Na ile nukta?”

“Mama...”

“Nisikusikie ukiniita mama. Ile nukta ilikuwa nini?”

“Kakao.”

Alitikisa kichwa pole pole, kama mtu anayejaribu kusikiliza kitu cha mbali.

“Nilimtumia mama yangu ile picha,” alisema. “Mama alimwita jirani akamwonyesha. Walifurahi, watu wazima wawili, wakashangilia kakao.”

“Niliogopa utaondoka.”

“Kwa hiyo ukanifungia mlango, ukaniambia ni ukuta.”

“Nilikupenda.”

“Kumbe mtoto wa mama mdogo unamwonea huruma kuliko mimi. Yeye umemwona leo, umemwambia ukweli. Mimi umekula keki yangu, umelala na kuamka na matumaini yangu, mimi ukaninyima. Yeye ana nini ambacho mimi sina?”

“Sikutaka apoteze chuo.”

Hilo lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa baya kuliko uongo wote. Alilisikia likitoka na kutamani kulirudisha, lakini lilishafika.

“Asante,” fundi keki alisema. “Basi unajua uzito wake.”

Alivaa koti lake. Mlangoni fundi viatu alimpokea kwa kicheko.

“Mwanangu, safari hii keki ya harusi nataka pembe, siyo kati...”

Akamwona uso. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kutibiwa pale, akasimama kumpisha mtu.

*

Bwana Taa alimpigia simu, haikupokewa. Akaandika.

“Nisamehe. Nilikosea. Naomba tuonane nikueleze.”

Akaandika tena.

“Nitampigia dada yako mwenyewe nimwambie kosa ni langu.”

Hilo lilijibiwa papo hapo.

“Usithubutu. Ulishanisemea vya kutosha.”

Daktari alimwita ofisini, hakumwambia akae.

“Amekuja kwangu. Hakukutukana. Aliuliza maswali tu, moja moja, kwa adabu. Ningefurahi angekutukana.”

“Nisamehe, daktari.”

“Mimi unaniomba msamaha wa nini? Mimi nina vidole vyangu. Nilikupa maneno uyafikishe, ukayala. Ningekuwa na mtu mwingine wa kuwasha zile taa, leo usingeziwasha wewe. Atakuja mara ya mwisho kwa ajili ya uso. Mikono afunike.”

“Mara ya mwisho?”

“Hukuambiwa? Anahama.”

Fundi keki alikuja mchana, amevaa glavu nyeupe za kitambaa. Koti hakuwa nalo. Alisalimia kama mgonjwa anavyosalimia.

“Habari za kazi.”

“Nzuri. Umepaka chochote usoni leo?”

“Sijapaka.”

“Wekundu wa mara iliyopita uliisha?”

“Uliisha siku ya pili yake.”

“Nisikuongezee basi. Nibaki pale pale.”

“Wewe ndiye mtaalamu.”

Aliingia kwenye kabati, akavaa miwani myeusi. Bwana Taa akafunga mlango, akabonyeza swichi. Mwanga wa zambarau ukavuja kwenye upenyo wa chini, ukamlalia kwenye viatu. Zamani, wakati kama huu ndipo hadithi zilipokuwa zinaanza. Alingoja. Kelele ikawa ya feni tu.

Kisha sauti ikatoka ndani, tulivu.

“Nimempigia dada. Nafasi yangu ilishachukuliwa, unajua. Amesema nije hivyo hivyo, niajiriwe. Nitakuwa chini ya yule mwanamke aliyeingia nilipokataa.”

“Utamshinda kwa ufundi. Kila mtu anajua.”

“Nitamwita bosi. Nilikuwa niwe mwenye duka, nitamwita bosi.”

“Fundi, kama kuna kitu naweza...”

“Nyamaza. Huku ndani siwezi kukuona, ndiyo maana naweza kusema. Uso huu ukikosa taa utakuwaje?”

“Huenda ukakaa. Huenda mabaka yakarudi. Hakuna anayejua.”

“Umeona? Umesema ‘hakuna anayejua’ na sikufa. Mtu haui mtu kwa kumwambia hujui. Yakirudi yarudi. Nitapamba nayo.”

Bwana Taa aliegemeza paji la uso kwenye bati. Lilikuwa la moto.

“Ungeniambia siku ile,” sauti iliendelea, “kwamba vidole basi. Halafu ukaniambia, ‘Mimi nakupenda, usiende.’ Mambo mawili, yote ya kweli, mezani. Ungeniachia mimi nichague.”

“Ungechagua nini?”

Feni ilizunguka.

“Sijui,” alisema. “Nimejiuliza kila siku. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Pengine ningepanda gari siku hiyo hiyo. Pengine ningesema duka litakuwepo lingine, mtu wa kucheka naye nje ya mlango hapatikani. Nilikuwa nakupenda wewe pia, tangu kabla hujanipenda, kabla hujajua. Lakini sitajua kamwe ningechagua nini, na wewe hutajua. Hilo ndilo ulilolichukua. Duka nitalipata tena.”

“Na msamaha?”

“Nimeshakusamehe. Kukusamehe ni rahisi. Ni kukuamini ndiko sijui nianzie wapi. Ukiniambia chakula kimeiva, nitafunua sufuria. Ukiniambia mvua inanyesha, nitatoka nje nione. Siwezi kuishi hivyo na mume.”

Swichi ikajizima yenyewe. Mwanga ukakatika kwenye viatu. Alipofungua mlango, alimkuta ameshavua miwani, macho mekundu, uso una rangi yake karibu yote, mzuri kuliko siku yoyote aliyowahi kumwona. Ile ilikuwa kazi yake, na ilikuwa kazi nzuri.

“Leo usikae juani,” alisema, kwa kuwa ndilo neno pekee alilobaki na haki ya kulisema.

“Sitakaa.”

Alivua glavu, akaziweka juu ya kiti, akachukua mkoba wake kwa mikono mitupu. Mlangoni aligeuka.

“Mdogo wangu anakusalimu. Amefika chuo. Bado anakuita shemeji, nimeshindwa kumkataza.”

“Mwambie asome.”

“Mwite mwingine. Watu wanangoja.”

Akaondoka. Hatua zake zilisikika mpaka kwenye ngazi, kisha zikachanganyika na za watu wengine. Bwana Taa alifungua mdomo kumwita mgonjwa aliyefuata, kisha akageukia kabati akifuta macho kwa mkono wa koti. Fundi viatu akaingia bila kuitwa, akavua shati polepole, akasimama mbele ya kabati akiwa na magamba yake mgongoni.

“Washa, mwanangu,” alisema mzee. “Washa tu, mimi sitazami.”